Si maji, ni mafuta, na msiwaambie watu walaze mitungi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu ya gesi "iliyotiwa maji" imenishinda kumeza. Mnaikumbuka: sufuria yenye masizi, moto wa njano, kisha hukumu kwamba wauzaji wa Arusha wanachakachua kwa maji. Mngeishia hapo ningenyamaza. Mkaongeza ushauri wa "mtaalamu" kwamba mtungi ukikaribia kuisha ulazwe au utikiswe ili gesi iliyobaki itoke. Huo ushauri ndio unaoua majiko, na ipo siku utaunguza nyumba ya mtu.

Kile kinachotoka si maji. Dondosha tone kwenye karatasi ya daftari, iache kivulini saa moja. Maji yatakauka, karatasi ibaki imejikunja. Mafuta yataacha doa linalopitisha mwanga, rangi kama ya chai ya mkandaa, na harufu itakayokufukuza jikoni. Harufu hiyo ni ile dawa inayotiwa kwenye gesi ili uvujaji ujulikane. Huvukiza taratibu kuliko gesi yenyewe, kwa hiyo hubaki nyuma na mafuta, na ndiyo sababu mtungi unaoelekea kuisha hunuka zaidi hata pale ambapo povu la sabuni halionyeshi tundu lolote.

Mafuta yenyewe yana njia mbili. Ya kwanza ni gesi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Chochote kizito kuliko hapo, mabaki ya kiwandani, mafuta ya pampu na kompresa, uchafu wa matangi, hakiondoki na mvuke. Wala huo si wizi. Kipimo cha ASTM D2158, cha shirika la viwango la Marekani, huvukiza mililita 100 za gesi ikiwa kimiminika na kupima kilichobaki, na kiwango kinachoambatana nacho kinaruhusu mililita 0.05, yaani tone moja. Sasa pigeni hesabu. Mtungi wa kilo 15 hubeba lita 27 au 28 za kimiminika. Gesi iliyofaulu mtihani kihalali inaweza kuacha mililita 14, karibu vijiko vitatu vya chai. Mtungi huo ukijazwa mara kumi bila kumwagwa, mna glasi ndogo ya mafuta chini, mtu anaulaza, halafu anashangaa jiko kutema.

Njia ya pili ni mpira wa kupitishia gesi, na hii hamkuigusa kabisa. Mpira mwingi hulainishwa kwa mafuta maalumu ili usikatike. Gesi ikiwa kimiminika huyayeyusha na kuyavuta mafuta hayo, kisha gesi ikivukiza yanabaki na kuteremkia kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kabla haijafika jikoni. Waingereza wenye karavani, zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari, walikwishaonja: baada ya karavani mpya kuanza kufungwa regulata ya milibari 30 ukutani mwaka 2003, badala ya ile ya kukaa juu ya mtungi, regulata zilianza kuziba kwa mafuta. Dawa waliyoshauriwa ni kuipandisha regulata juu ya mdomo wa mtungi na kutumia mipira ya chuma cha pua. Sisi hatuna karavani, ila tuna migahawa yenye mitungi ya kilo 38, na kosa ni lilelile.

Wiki ileile ya taarifa yenu ilifunguliwa regulata ya mgahawa mmoja wa hapa mjini. Mitungi mitatu kwenye kizimba cha nje, midomo yake iko zaidi ya mita moja kutoka chini, regulata imefungwa ukutani kwenye sentimita 40, mipira inaning'inia kuelekea chini kama mfereji. Usiku wa Julai Arusha joto hushuka chini ya nyuzi 15. Mtungi mkubwa hupoa polepole, mpira mwembamba hupoa haraka, na gesi iliyomo ndani ya mpira hugeuka kimiminika. Kinakaa humo usiku kucha kikinyonya mafuta ya mpira, asubuhi valvu ya jiko inafunguliwa, kimiminika kinavukiza, mafuta yanateleza kwenye regulata. Kila usiku kidogo, miezi mitano. Ilipofunguliwa ilitoka nusu kijiko cha mafuta ya njano, na diaframu, ule mpira mwembamba unaopumua juu ya springi, ulikuwa umevimba na kupinda ukingo kama chapati ya juzi. Regulata ya namna hiyo haifungi sawasawa: pleti zikizimwa presha inapanda, ukiwasha moja moto unaruka, ukiwasha nne presha inashuka na moto unakufa. Mwenye mgahawa alikuwa ameshabadilisha muuzaji mara mbili na kurudisha mtungi mmoja akidai umetiwa maji, kwa sababu alisoma gazetini.

Na kulaza? Valvu hutoa mvuke kwa kuwa iko juu ya kimiminika. Ukilaza mtungi, kimiminika kinafika mdomoni, na lita moja yake hutoa kama lita 250 za mvuke. Regulata ya nyumbani haikuumbwa kwa hilo. Moto unaruka, na mafuta yote ya chini yanapita mpaka kwenye jeti, kile kitundu kidogo kinachopuliza gesi kwenye pleti. Wapishi wa safari wanajua matokeo yake, maana mitungi yao hulala chini ya viti vya Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi. Isimamishwe na kufungwa kamba, regulata itolewe njiani, na kambini mtungi usimame walau nusu saa kabla ya kuunganishwa.

Jiko lililokwisha kuingia mafuta hutengenezwa hivi. Funga valvu, choma gesi iliyobaki kwenye mpira hadi moto uzime wenyewe. Regulata usiioshe, na hasa usiioshe kwa petroli, diaframu itavimba zaidi. Nunua nyingine, na kitundu chake cha kupumulia kitazame chini. Mpira tupa. Bomba la shaba lifunguliwe ncha zote mbili, lipulizwe kwa kompresa kutokea upande wa jiko, na kitambaa cheupe kwenye ncha ya pili mpaka kitoke kisafi. Jeti ziloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, zipulizwe, zikauke. Msizichokonoe kwa waya wala sindano. Tundu likipanuka, masizi hayataisha. Kwenye kizimba, regulata iwe juu ya mdomo wa mtungi na mpira upande moja kwa moja bila kubonyea, ili kinachogeuka kimiminika kirudi kilikotoka. Usiku fungeni valvu ya mtungi, si ya jiko peke yake.

Tena mpira! Nenda duka lolote la vifaa utakatiwa kwa mita ule mweupe unaoonyesha ndani, wa maji, na muuzaji atakuapia ni wa gesi. Miezi sita baadaye umekuwa mgumu kama kijiti na una nyufa kwenye kibano. Ugumu huo maana yake mafuta yake yamehama, na yamehamia kwenye jeti zako. Wa gesi huwa umechapwa mwaka na namba ya kiwango, BS 3212 au EN 16436, na kwa jiko la nyumbani mita moja na nusu inatosha.

Kuna na hili la mizani, ambalo mngeliandika badala ya maji. Mtungi hujazwa kwa kuangalia uzito mtupu uliogongwa kwenye chuma. Ukirudi kiwandani na robo kilo ya mafuta tumboni, mizani inaihesabu kama gesi, nawe unailipia kila unapojaza. Dukani nako mizani ipo, imefunikwa kitenge na juu yake wamepanga trei za mayai.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Vizuri. Basi viwanda vya kujaza vipindue mitungi na kuimwaga kabla ya kujaza, na wale wanaogawa mitungi majukwaani wagawe pia mpira wenye tarehe, vibano viwili na kipande cha sabuni. Hotuba inaweza kupunguzwa dakika kumi kufidia gharama.

Mwandishi wenu akitaka kuyaona mafuta hayo, karakana iko wazi hadi saa kumi na moja jioni. Aje na kijiko chake. Cha hapa kimeshindwa kuoshwa.

Fundi wa gesi,
Arusha