Risala ya Klabu ya Usalama Barabarani kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi wetu, wahitimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja Nzovwe, hapa jijini Mbeya, leo. Wahitimu wameshakusomea risala yao, wameeleza habari za maabara na mabweni, nasi tunawaunga mkono. Sisi wa klabu tumepewa dakika chache, na zote tunazitumia kwa jambo moja tu: barabara inayopita mbele ya geti letu.

Wazee wa hapa wanaiita TANZAM. Ilijengwa ili Zambia ipate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia za kusini kuwa ngumu. Ni barabara ya mzigo mzito na safari ndefu. Lakini jiji limekua likiifuata, kuanzia Uyole, Mwanjelwa, Mafiati, hapa kwetu hadi Mbalizi, na leo matenki ya mafuta, malori ya shaba, bajaji, mikokoteni ya viazi na watoto wenye mabegi mgongoni wote wanaitegemea lami hiyo hiyo moja.

Mheshimiwa, zebra ya mbele ya shule yetu imefutika. Rangi nyeupe imebaki kwenye ukingo tu, pale matairi yasipofika. Mwezi Juni mwaka jana, asubuhi ya ukungu, mwenzetu wa Kidato cha Pili alisimama hapo akanyoosha mkono. Dereva wa lori akamwona, akasimama. Mwenzetu akaanza kuvuka. Bodaboda aliyekuwa nyuma ya lori hakujua lori limesimama kwa sababu gani, akalipita kwa pembeni, akamgonga. Alivunjika mguu mara mbili, akakosa muhula mzima. Leo yuko hapa, mstari wa pili, na magongo ameshayaacha. Tunamshukuru Mungu.

Tumelitafakari sana tukio lile. Lori halikumgonga. Lori lilimficha. Ndiyo maana tuliposikia habari za kupanua barabara kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na za mchepuo, yaani barabara ya kuukwepa mji, wa Uyole hadi Songwe wenye karibu kilomita 49, tulifurahi, kisha tukaingiwa na wasiwasi. Tulifurahi kwa sababu malori yaendayo Tunduma, mpakani na Zambia, yatapata njia yao, na mteremko wa Iwambi utapumua. Wasiwasi ni huu: malori yakishahamia kwenye mchepuo, hapa mbele yetu patabaki lami pana, laini na tupu. Gari la njia ya kwanza likisimama kumpisha mtoto, la njia ya pili litapita. Yatakuwa yale yale ya Juni.

Na lami tupu tunaijua. Jumapili alfajiri, malori yakiwa machache, njoo usimame getini. Utasikia pikipiki kabla hujaiona. Siku za kazi foleni ya malori inawapunguza mwendo hata wasiotaka. Foleni ikiondoka, ni nini kitawapunguza? Kibao cha 50 kipo tangu zamani.

Mheshimiwa, ukitazama uwanjani upande wako wa kulia utaona mistari miwili ya chokaa. Tuliichora na mwalimu wetu wa Fizikia. Dereva akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, tangu aone mtoto hadi gari lisimame kwenye lami kavu, anatumia kama mita 28. Huo ni mstari wa mbali. Akiwa kwenye kilomita 30 anatumia kama mita 13, mstari wa karibu. Na nguvu ya kugonga kwa mwendo wa 50 inakaribia mara tatu ya mwendo wa 30. Mtoto aliyesimama katikati ya mistari ile miwili, dereva wa 50 anamgonga na wa 30 anasimama kabla ya kumfikia.

Kwa hiyo tunaomba mchepuo ukifunguliwa, barabara hii isiachwe kama ilivyo. Ifanywe kuwa barabara ya mji. Penye shule, soko na zahanati, magari yabaki na njia moja kwenda na moja kurudi, na nafasi itakayobaki iwe ya waenda kwa miguu, baiskeli na vituo vya daladala na bajaji. Kivuko kiinuliwe kama tuta pana, kiwe na kisiwa katikati ili mtu avuke nusu kwanza, na taa iwake usiku. Lori lenye mzigo wa mjini lipite, lakini linalokwenda mpakani tu lizuiliwe, maana dereva aliyezoea njia haachi kwa kibao peke yake.

Wapo wazazi wetu wanaouza chai, ndizi na chipsi kwa madereva, na mafundi pancha pia. Wanauliza watakula nini malori yakihama, na swali lao ni la haki. Tunaomba washirikishwe tangu michoro, watengewe vibanda kwenye njia hiyo ya miguu. Abiria anayesubiri daladala kivulini hununua chai. Anayekimbia kuvuka hanunui.

Haya si mageni nchini. Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend, kupitia mradi wake wa maeneo ya shule uitwao SARSAI, liliweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye maeneo ya shule za msingi, na kwingine geti likahamishiwa upande wenye utulivu. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Geti letu nalo linaweza kuhamia barabara ya nyuma. Tumeshalijadili na Mkuu wa Shule, linahitaji kalavati moja juu ya mtaro.

Ombi jingine tunalokuomba utubebee ni hili: ikiwa barabara itashushwa hadhi na kutoka TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwenda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kazi hizi zifanyike kabla ya makabidhiano na ziwe na fedha zake. Ikikabidhiwa ikiwa na mashimo na zebra iliyofutika, tutakuwa tumeongezewa miaka ya kusubiri.

Mheshimiwa, baada ya picha ya pamoja tunakuomba hatua chache. Wenzetu wawili wenye vibendera vyekundu watakusindikiza hadi kwenye zebra, na yule wa mstari wa pili amekubali kuvuka pamoja nawe.

Tunaomba kuwasilisha.