Historia ya Mang'u Ianzie Kabaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa sasa. Mjukuu wangu, aliye Gredi ya 8 hapa Changamwe, alipewa na mwalimu wake kazi ya kuandika historia fupi ya shule moja kongwe ya wavulana nchini, naye akaichagua Shule ya Upili ya Mang'u kwa kuwa anajua kwamba mdogo wa marehemu baba yangu alisomea huko. Alichoniletea nikisome kilikuwa ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza ulisema kwamba shule ilianzishwa mwaka 1925 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, wa pili ukasema kwamba iko karibu na Thika kwenye barabara ya kwenda Garissa, na sehemu yote iliyobaki ilijazwa majina ya wakubwa waliopitia hapo, kuanzia Mwai Kibaki hadi George Saitoti. Mwalimu alimpa alama zote.

Mtoto simlaumu, wala mwalimu wake simlaumu sana, kwa sababu hivyo ndivyo historia ya shule hii inavyosimuliwa karibu kila mahali: mwaka mmoja, shirika moja, kisha majina. Lakini mtu akiisoma mistari ile miwili ya kwanza kwa pamoja ataamini kwamba mwaka 1925 mapadre walisimamisha madarasa pale ilipo shule leo, na hilo si kweli hata kidogo. Shule ilianzia Kabaa, Ukambani, upande wa Mto Athi, chini ya Padre Michael Witte, na huko ndiko ilikokaa kwa takriban miaka 15 kabla ya kuhamishiwa misheni ya Mang'u, Kiambu, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Jina tunalolijua lilipatikana katika uhamisho huo. Pale karibu na Thika ilihamia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na umri wa karibu nusu karne. Kwa hiyo shule hii imehama mara mbili, na anayeanza kuisimulia kutoka kituo cha tatu amewaacha nyuma vijana wengi walioketi kwenye madawati ya kwanza. Pale Kabaa hadi leo pana shule ya upili ya wavulana, na wanaosoma humo wana haki ya kuambiwa wamekalia msingi wa nini.

Jambo la pili ambalo halitajwi kabisa linatuhusu sisi watu wa Pwani. Mwaka huo wa 1925 Kabaa haikuwa chini ya askofu wa Nairobi wala wa Machakos, kwa kuwa majimbo hayo hayakuwepo. Mombasa, Bura, Nairobi, Kabaa na Mang'u, zote zilikuwa sehemu ya Vikarieti ya Kitume ya Zanzibar, yaani eneo la misheni ambalo bado halijawa jimbo, iliyoongozwa wakati huo na Askofu John Neville. Nairobi ilifanywa jimbo kuu mwaka 1953 tu, na Jimbo la Mombasa na Zanzibar likaundwa mwaka 1955. Mapadre hao walikuwa wameshuka Zanzibar katika miaka ya 1860, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, ambako walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa pamoja na shule na karakana, wakafungua misheni ya Bura katika milima ya Taita mwaka 1892, na ilipofika 1899 walikuwa Nairobi, kule misheni ya Mtakatifu Austin. Kabaa ni tawi la mti huo uliootea ukingoni mwa bahari. Anayepita Barabara ya Nkrumah hapa mjini na kulitazama Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu anatazama kazi ya shirika lilelile, na jina lilelile lililokuwa likiandikwa kwenye barua za shule ya Mang'u.

Pamoja na mapadre hao, lugha yetu nayo ilipanda bara. Padre Charles Sacleux wa shirika hilo, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo kwa miaka mingi, ndiye aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1939. Sioni ajabu, basi, kwamba shule iliyozaliwa Ukambani na kulelewa Kiambu ina kaulimbiu ya Kiswahili, maneno mawili tu: Jishinde Ushinde. Shule nyingi za rika lake zilichagua Kilatini au Kiingereza. Nimefundisha Historia kwa miaka 31, na bado sijakutana na kaulimbiu ya shule inayosema mengi hivyo kwa maneno machache hivyo, tena ambayo mzazi asiyejua kusoma akisomewa anaielewa papo hapo.

Wapo wanaosema kwamba mapadre walijenga shule kwa sababu waliagizwa kutoka Roma. Ni kweli kwamba mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Baba Mtakatifu kukagua misheni za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza, aliwaambia maaskofu waliokutana Dar es Salaam washirikiane na serikali katika elimu kwa nguvu zao zote, na kwamba pale ambapo haiwezekani kutimiza yote mawili, kueneza Injili na kuelimisha, afadhali kanisa lingoje na shule ikamilishwe. Agizo hilo lilikuwa zito na lilibadilisha mengi. Hata hivyo, lilipotolewa, Kabaa ilikuwa tayari ina miaka 3. Ninadhani sababu ya kweli ilikuwa karibu zaidi kuliko Roma. Tume ya Phelps-Stokes, ya wataalamu wa elimu kutoka Marekani, ilikuwa imezunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuhimiza elimu ya Mwafrika, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali kukaguliwa, na Waprotestanti walikuwa wakijiandaa kufungua shule yao ya Alliance kule Kikuyu, ambayo ilianza mwaka 1926. Aliyechelewa angeachwa. Kusema hivyo hakuwapunguzii mapadre heshima, maana ushindani huo ulitupatia shule mbili badala ya moja.

Sasa naomba niseme kuhusu mkebe.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Mdogo wake alisomea misheni ya Bura, akafaulu, na hapa Pwani hakupata pa kuendelea, kwa kuwa wakati huo shule ziligawanywa kwa rangi na kwa dini: Allidina Visram ilikuwa ya Wahindi, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyokuwa imefungua milango mwaka 1951 ilikuwa ya Waislamu, na kijana wa Kitaita, Mkatoliki, alitazama huku na huku asione mlango wake. Mapadre wa Bura wakamwandikia barua ya kwenda Mang'u. Mwanzoni mwa 1953, miezi michache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau, alipanda gari la moshi Voi akiwa na sanduku la bati na blanketi moja, akabadilisha Nairobi, akashuka Thika, na mwendo uliobaki akaumaliza kwa miguu, akisimamishwa na askari njiani mara kwa mara. Alinisimulia kwamba mwenzake wa kitanda cha jirani, mwenyeji wa huko Kiambu, hakurudi baada ya likizo ya kwanza, na bwenini hakuna aliyethubutu kuuliza alikoenda.

Karo yake alilipa baba yangu kwa ujira wa bandarini, kwa hawala ya posta, muhula baada ya muhula kwa miaka minne. Stakabadhi alizitia kwenye mkebe wa biskuti ambao leo uko kwangu. Zimesalia 11, na ya 12 imeshikana na kutu ya mkebe hata haibanduki. Karatasi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na wino wake wa zambarau umefifia. Ile ya muhula wa kwanza wa 1955 ina mistari mifupi ya penseli nyuma yake, ambayo mama alinieleza kwamba ilikuwa hesabu ya baba ya siku ambazo hakuingia kazini wakati wa mgomo wa makuli wa mwezi Machi. Kila mstari ulikuwa siku isiyo na ujira, na muhula wa pili ulikuwa unakaribia.

Katika mgomo huo alikuja Mombasa kijana wa miaka 24, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawashika makuli kwa maneno, akakaa mezani na waajiri, na hatimaye makuli wakaongezwa mshahara. Kijana huyo alikuwa Tom Mboya. Baba hakujua lolote kuhusu alikosoma hadi mdogo wake aliporudi likizo akamwambia kwa furaha, "Kaka, yule ni wa kwetu, ni wa Mang'u." Baba alipenda kusema kwamba Mang'u ilikula ujira wake kisha ikamrudishia.

Na hapa ndipo orodha ya majina inapoficha mambo. Katika ukurasa wa mjukuu wangu Mboya aliorodheshwa kati ya waliohitimu, ilhali hakumaliza. Alianzia masomo yake Kabaa, akaenda shule ya Yala, akaingia Mang'u mwaka 1946, na mwaka uliofuata akalazimika kuondoka kwa sababu karo ya kuendelea ilikosekana, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Kibaki aliingia mwaka huohuo wa 1947, akamaliza 1950 na kuendelea Makerere. Mmoja alitoka kwa kukosa pesa, mwingine akatoka na cheti, na wote wawili waliketi katika serikali ya kwanza baada ya uhuru. Ukiweka majina yao kwenye mstari mmoja bila maelezo, msomaji hatajua kamwe kwamba karo ilikuwa kisu kilichowakata wavulana wengi wenye akili, na kwamba wengi waliosalia waliwekwa pale na kaka zao waliobeba magunia.

Tena, tazama walikotoka. Kibaki alitoka Nyeri, eneo la Wakonsolata, yaani wamisionari wa shirika la Consolata. Mboya alitokea shule ya Yala, na Kadinali Maurice Otunga, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Mang'u, alitokea Bungoma, na kote huko Magharibi palikuwa pa mapadre wa Mill Hill. Otunga alikuwa mwana wa Chifu Sudi, akakataa kiti cha baba yake ili awe padre. Mashirika haya yalikuwa na mipaka yao na wakati mwingine na mivutano yao, lakini wavulana wao bora waliwaleta chini ya paa moja, Mluhya akalala karibu na Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na Mtaita. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa zaidi ambalo shule hii imelifanya, na katika ule ukurasa halikuwa na hata neno moja.

Baada ya Sheria ya Elimu ya 1968 serikali ilichukua uendeshaji wa shule za misheni, na kanisa likabaki kama mfadhili. Mjadala wa nani ana sauti gani katika shule hizo unaendelea hadi leo, nami sitauingia katika barua hii. Ninachojua ni kwamba shule ikibadilisha uongozi na kuhama mara mbili, karatasi zake hutawanyika: vitabu vya majina huachwa ghalani, picha huchukuliwa na wanaostaafu, na barua huliwa na mchwa. Wanafunzi wa miaka ya 1950 waliobaki hai ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Wa Kabaa tumeshawakosa.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, gazeti lako na mengine ya Kiswahili, kila yanapoitaja historia ya Mang'u, yaanze na Kabaa na yataje uhamisho wote mara mbili, kwa kuwa watoto wetu huchukua kutoka kwenu kazi zao za shule. Pili, wazee na jamaa zao walioko Mombasa, Taita, Kilifi na kwingineko Pwani ambao wana barua, picha, vitabu vya mazoezi au ripoti za shule za zamani za misheni, wasizitupe wala wasiziuze kwa wafungaji bidhaa sokoni. Wazipeleke kwenye nyaraka za jimbo au za taifa, ama waandike wanachokikumbuka na kukituma kwako.

Mimi mwenyewe nitauleta mkebe wa baba katika ofisi yako ya hapa Mombasa ili stakabadhi zipigwe picha. Mjukuu wangu amekubali kuuandika ukurasa wake upya, na ameniuliza Mto Athi unapita wapi kutoka Kabaa kuja baharini. Nimemwonyesha kwenye ramani, hadi pale unapoitwa Galana, na pale unapoingia baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Changamwe, Mombasa