Shangazi, niachie Remmy wangu

Shikamoo shangazi,

Barua hii najua utasomewa na mmoja wa wajukuu, na najua utaguna kwamba mambo ya ndani hayaanikwi barabarani. Nisamehe. Nimeiweka wazi kwa sababu si wewe peke yako. Tangu mama afariki, kila anayenikuta nimewasha spika ananiimbia yale yale: zima hizo nyimbo, zinakuzidishia majonzi. Wengine wanaongeza kuwa zinaita msiba mwingine.

Wimbo uliokukera zaidi ni "Kifo" wa mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Wifi yangu hata udongo haujakauka, wewe unapiga dansi?" Sikukujibu, maana kukujibu mbele ya wageni kungekuwa utovu wa adabu. Leo naomba ruhusa nikujibu.

Kwenye matanga watu walitutendea wema mno. Walichanga, walikosha masufuria, walilala mikekani usiku kucha pamoja nasi. Lakini maneno yao yalikuwa ya kuniziba mdomo. Jikaze, wewe mwanamume. Kazi ya Mungu haina makosa. Shukuru, hakuteseka sana. Huenda yote ni kweli, ila hayakuniachia nafasi ya kusema kwamba nina hasira. Ningemwambia nani? Imamu? Baba, ambaye mwenyewe hasemi? Remmy ndiye aliyenisemea. Anakisuta kifo waziwazi, kama mtu anayemsuta jirani katili aliyevumiliwa muda mrefu, na hamwombi radhi mtu yeyote kwa kukisuta.

Tena anakisuta kwa muziki wa kucheza. Hapo ndipo tulipotofautiana mimi na wewe, shangazi. Wewe umesikia magitaa ukadhani ni starehe. Hebu sikiliza tena: magitaa yanapokezana, ngoma zinasukuma, na juu yake ile sauti nzito yenye mkwaruzo inataja jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Mwili unataka kucheza huku koo limekaba. Mimi sijapata namna nyingine ya kuvibeba vyote viwili kwa pamoja. Watu walikuwa wakiulipia kiingilio muziki huu, wanakwenda ukumbini Jumamosi kukumbushwa kwamba watakufa, na wanacheza. Wazee wetu hawa hawakuwa wajinga.

Na Remmy hakuwa anabahatisha. Alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Kongo. Simulizi za maisha yake zinasema mama yake alikuwa ameshafiwa na watoto kabla yake, akaenda kwa mganga, akaambiwa huyu atakayezaliwa asinyolewe nywele. Akazaliwa na meno mawili ya mbele, watu wakaona hiyo ni dalili ya uganga. Ndiyo asili ya zile rasta, na ndiyo maana hata Dar es Salaam, alikokuja 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy kabla ya kuhamia bendi ya Super Matimila, walimwita Dokta. Yaani hajajua kutambaa tayari ana kesi na kifo. Kilimchukua Desemba 2010, lakini hadi leo ukipanda daladala za Sinza unaweza kushuka kwa Remmy. (Mama alikuwa akisema hajui mwanasiasa aliyepata kituo kwa kupendwa hivyo.)

Kama Remmy unamwona muhuni, basi tuje kwa babu. Ni wewe uliyenisimulia alivyokuwa akighani Al-Inkishafi, lile shairi la kale la Kiswahili, baada ya Isha, nanyi watoto mmekaa kimya. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anazungumza na moyo wake mwenyewe, anaupeleka Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu, kuutembeza kwenye majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Kwenye vidaka vilivyopangwa sahani za thamani sasa wamelala makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Halafu anaushusha hadi kaburini. Mbona hayo hayakuwa ya kuita msiba? Babu aliwapa watoto wadogo maneno makali kuliko ya Remmy, na mkalala vizuri tu.

Sisemi kila wimbo wa huzuni una kazi hiyo. Mwaka 2021 Rais Magufuli alipofariki, nyimbo za maombolezo zilimiminika redioni ndani ya siku chache, na nyingi masikioni mwangu zilikuwa wasifu wa marehemu uliowekewa kinanda. Zinakuonyesha pa kulilia, basi. Wimbo unaonifaa mimi ni ule ambao mwimbaji mwenyewe anaonekana kuogopa, na bado anaendelea kuimba.

Na hapa nikukubalie jambo. Kuna usiku ambao hata Remmy simtaki. Nausikia wimbo unanivuta chini badala ya kunishika mkono, nikiurudia naurudia kwa ulevi tu. Siku hizo nazima, nampigia simu rafiki, au natoka nje kukaa na walinzi wa mtaa. Kwa hiyo hofu yako si ya bure, na ukiniona siku ya tatu sijala, njoo unizimie spika bila kubisha hodi.

Siku ya hitima hakutakuwa na muziki, hilo sibishani nawe. Hata spika nitaipeleka kwa jirani. Ila Jumapili ukija kugawa kanga, nitakuwa nimeiwasha. Njoo na maswali yako. Mimi nina langu moja, na baba nikimuuliza anageukia gazeti: ni kweli mama alikuwa akitoroka kwenda dansini kabla hajaolewa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimfungulia mlango wa uani?