Bangi: wa msokoto ndani, wa magunia nje

Mhariri, hii maneno ya bangi Kenya tunaichekea tu tangu mgombea urais Wajackoyah aifanyie kampeni 2022, lakini huku mtaani si mchezo. Kijana anashikwa Ijumaa jioni na msokoto mmoja mfukoni, analala seli mpaka Jumatatu labda mamake atafute kitu kidogo, na yule wa kusafirisha magunia kwa lori hata hasimamishwi. Sheria yenyewe ni ya 1994! Afrika Kusini Mahakama ya Katiba ilishasema 2018 mtu mzima avute kwake faraghani, Lesotho na Malawi wanatoa leseni za kuilima, sisi bado tunakimbizana na vijana vichochoroni. Mimi sivuti, na matatu iliyojaa moshi siipandi. Lakini wabunge waijadili waziwazi, na anayewauzia watoto wa shule asisamehewe.