Malalamiko Kuhusu Kadi ya Poti Nne za Siriali

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA SIRIALI ISIYOLINGANA NA MAELEZO YA MAUZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliagiza kwenu kadi ya PCIe, yaani ya kuchomekwa kwenye ubao mama, yenye poti nne za siriali kwa ajili ya kompyuta ya Linux inayotunza muda katika kituo chetu cha kupokea mawimbi ya radi. Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji wenu kama chipu za siriali zimeungwa moja kwa moja kwenye PCIe, na kama pini namba 1, yaani DCD, ambayo ni waya wa ishara na si wa data, inafanya kazi kwenye kila poti. Alinijibu kwa maandishi kwamba ndivyo. Nakala ya jibu lake nimeiambatanisha.

Kadi mliyonitumia siyo hiyo. Nikiipachika, amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya PCIe, inaonyesha kidhibiti cha USB, na poti zinajitokeza kama ttyUSB0 hadi ttyUSB3 badala ya ttyS, jina ambalo Linux huzipa poti halisi za siriali. Kwa hiyo ndani yake mna vigeuzi vya USB kwenda siriali, vilevile vinavyouzwa madukani kwa bei ndogo, vimewekwa nyuma ya kiunganishi cha PCIe na kuuzwa kwa bei ya kadi halisi.

Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu ndilo jambo lenyewe. Mahali radi ilipopiga tunapatafuta kwa kulinganisha muda ambao mawimbi yake ya redio yamefika Tanga, Muheza na Lushoto. Mawimbi hayo husafiri takriban mita 300 kwa maikrosekunde moja. Saa ya kituo kimoja ikikosea milisekunde moja, kosa ni kilomita 300, mbali kuliko kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka.

Kipokezi cha GPS hutoa vitu viwili. Maandishi ya NMEA, muundo wa kawaida wa ujumbe wa vipokezi vya GPS, husema hii ni sekunde ipi, lakini huchelewa, tena kwa kiasi kinachobadilika. Pigo la kila sekunde, linaloingia kwa pini ya DCD, ndilo linaloonyesha sekunde imeanza lini hasa. Kwenye poti halisi pigo humkatiza prosesa papo hapo na kerneli, yaani kiini cha Linux, ikaandika muda wake, kosa likabaki maikrosekunde chache. Kwenye USB pigo husubiri hadi kompyuta iulize, na kwa vifaa vya USB vya kasi iitwayo "full speed" huuliza mara moja kwa kila milisekunde. Nilichukua kipokezi kilekile na kebo ileile nikavihamishia kwenye poti pekee iliyo kwenye ubao mama: chrony, programu inayorekebisha saa ya kompyuta, ikatulia kwenye maikrosekunde chache. Nikavirudisha kwenye kadi yenu, muda ukayumba kwa mamia ya maikrosekunde. Wastani hauwezi kuliponya hilo, kwa kuwa ucheleweshaji wote unaelekea upande mmoja. Na poti ile moja haitoshi, maana tunahitaji vipokezi viwili vinavyokaguana.

Fundi wenu alinishauri niongeze baud, yaani kasi ya data kwenye poti, na nibadilishe draiva. Pigo halipiti kwenye waya wa data, hivyo baud haihusiki kabisa. Draiva nayo haiwezi kuifanya USB isiwe USB. Imeniuma kuona swali nililoliandika kwa uangalifu likijibiwa na mtu ambaye ni dhahiri hakulisoma.

Sisemi kadi hii haifai kwa lolote. Anayeunganisha mizani au printa ya risiti ataitumia bila shida. Mwambieni basi kwamba ni ya USB, aamue mwenyewe.

Ninaomba mnipe kadi yenye chipu za siriali za jamii ya 16550 zilizoungwa moja kwa moja kwenye PCIe, DCD ikiwa hai kwenye poti zote nne, au mnirudishie fedha zangu pamoja na nauli ya mzigo. Vilevile rekebisheni maelezo ya bidhaa na mtaje jina la chipu. Masika yanakaribia, na huo ndio msimu tunaouhitaji zaidi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kadi ninayo, pamoja na boksi lake, tayari kurudishwa.

Wenu,
Fundi wa kituo, Tanga.