Kabla ya spika mpya, kitazameni chumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo makala za vifaa vya muziki, katika gazeti hili na katika mengine, hulipita haraka mno. Kila inapoandikwa habari ya spika au amplifaya mpya, msomaji huelezwa wati zake, uzito wake na jinsi inavyoishinda ile iliyoitangulia, lakini chumba kitakachoipokea hakitajwi hata kwa sentensi moja. Mpenzi wa muziki husoma, hudunduliza fedha, hununua, na haupiti muda mrefu kabla hajaanza kutafuta kifaa kingine, kwa sababu besi bado inavuma na sauti ya mwimbaji bado haieleweki inatokea upande gani. Nashikilia kwamba anayetaka kusikiliza vizuri nyumbani aanze na chumba na mpangilio wa vitu vilivyomo, na kwamba vifaa vipya vije baada ya hapo.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde joto linapokuwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa hesabu hiyo, wimbi la sauti ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, ilhali wimbi la hezi 40, ambayo ni karibu sawa na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, lina urefu unaozidi mita nane na nusu. Vyumba vingi vya kuishi havifiki urefu huo. Wimbi kubwa namna hiyo hugonga ukuta, likarudi na kukutana na lenyewe, hivyo mahali pamoja likaongezeka nguvu na mahali pengine likajifuta. Chumba chenye urefu wa mita 5 huwa na mvumo wake wa kwanza, yaani sauti ambayo chumba chenyewe huikuza, karibu na hezi 34. Upana wa mita 4 huleta mwingine karibu na hezi 43. Na dari ya mita 2.5 huleta wa tatu karibu na hezi 69. Chumba cha mraba ndicho kinachosumbua zaidi, kwa kuwa mvumo wa urefu na ule wa upana huangukia noti moja, noti hiyo ikajaa chumba kizima na ile ya jirani yake isisikike vizuri. Ukileta spika nyingine na kuiweka palepale ilipokuwa ya kwanza, nawe ukaketi palepale, mivumo hiyo utaikuta inakungoja, maana ni ya kuta.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitakiwa kuuponya ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mzungumzaji yalimezwa na mwangwi. Alifanya kazi usiku, palipokuwa na utulivu, akihamishia ukumbini humo mito ya viti kutoka jumba la jirani, akiiongeza kidogo kidogo, na kila mara akipima muda ambao sauti ya bomba la kinanda ilichukua mpaka isisikike tena kwa sikio lake. Kutokana na kazi hiyo aligundua kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyonyonya sauti ndani yake, na hesabu zake ndizo zilizoongoza usanifu wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Sikio na mito ya viti vilimfikisha mbali, na vitu hivyo havikosekani majumbani.

Hatua ya kwanza, basi, haina gharama yoyote. Sauti ya stirio, ambayo Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, huhitaji spika mbili na msikilizaji wawe kwenye ncha za pembetatu yenye pande zilizo sawa au karibu sawa, na zile spika ndogo za sauti nyembamba, wanazoziita twita, ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Kiti kisiwe katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa maana hapo ndipo mvumo wa kwanza hujifuta na besi ikakonda. Wala kisiegemee ukuta wa nyuma, ambako besi hiyohiyo hujaa kupita kiasi. Spika nazo zisisukumwe pembeni mwa chumba kwa ajili ya kuokoa nafasi. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukuta ulio nyuma yake, sauti inayorudi kutoka ukuta huo huchelewa kwa mwendo wa mita 2, ikaifuta ile ya moja kwa moja karibu na hezi 86. Umbali wowote una pengo lake, yaani noti inayofutwa hivyo, na kwa sababu hiyo inafaa umbali wa spika kutoka ukuta wa nyuma usilingane na ule wa kutoka ukuta wa kando, ili mapengo mawili yasiangukie mahali pamoja. Ninapopanga spika hupendelea kusikiliza rekodi ya mwanamume anayesoma habari, bila muziki wowote, nikizisogeza kwa upana wa vidole viwili au vitatu kila mara. Penye nafasi mbaya kifua chake huvuma kama mtu anayezungumzia ndani ya mtungi, na penye nafasi nzuri mvumo ule huondoka na maneno yakabaki.

Kwa kuta za kando, kioo cha mkononi ndicho kipimo bora. Msikilizaji aketi mahali pake, na mwenzake akipitishe kioo kwenye ukuta, kwenye kimo cha kichwa, polepole kutoka upande wa spika kuja upande wa kiti. Pale anapoiona twita ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga ukuta na kumfikia ikiwa imechelewa kidogo tu kuliko ile ya moja kwa moja. Mahali hapo patiwe alama, kisha paangikwe pazia zito lenye mikunjo, au pawekwe kabati la vitabu vya unene mbalimbali, au fremu iliyojazwa pamba ya madini. Zulia nene sakafuni, kati ya spika na kiti, hufanya kazi hiyohiyo.

Wapo wanaobandika trei za mayai au sponji nyembamba kuta zote. Nawasihi waache. Kitu chepesi hunyonya sauti nyembamba peke yake: hata bamba lenye unene wa sentimita 10, likibandikwa ukutani, hufanya kazi yake barabara kuanzia hezi 850 hivi kwenda juu, na chini ya hapo nguvu zake hupungua kadiri mawimbi yanavyorefuka. Chumba kilichojaa sponji nyembamba hupoteza uhai wa matoazi na filimbi huku besi ikiendelea kuvuma kama mwanzo, na jirani wa upande wa pili anasikia kila kitu kwa kuwa kinachozuia sauti isitoke ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa mianya. Anayetaka kuituliza besi aweke vitu vinene kwenye pembe za chumba, kutoka sakafuni hadi darini akiweza, na aache nafasi ya hewa nyuma yake.

Najua kwamba wengi hawana chumba cha kusikilizia peke yake. Sebule ni ya familia, watoto wanapita, na kochi lina mahali pake. Hilo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu makochi, mapazia na rafu za vitabu ndivyo vinavyohitajika, na mara nyingi sebule yenye watu huvuma kidogo kuliko chumba kitupu kilichotengwa kwa heshima na kuachwa na kuta wazi.

Kwa mwenye subwufa, ile spika ya besi peke yake, iko njia moja ya zamani isiyohitaji chombo chochote. Subwufa huwekwa juu ya kiti cha kusikilizia chenyewe, kisha hupigwa muziki ambao gitaa lake la besi linapanda na kushuka noti moja baada ya nyingine, na mwenye nyumba hupita kando ya kuta akiwa amepiga magoti, sikio likiwa chini. Mahali fulani noti mbili zitamlipukia na ya tatu itapotea. Hatua chache mbele zote zitasikika kwa nguvu zinazokaribiana. Hapo ndipo pa kuiweka subwufa, kwa kuwa njia ya sauti kutoka kiti hadi ukuta haina tofauti na ile ya kutoka ukuta hadi kiti. Amplifaya za siku hizi zenye maikrofoni ya kupimia husaidia pia, mradi tujue mpaka wake: zinaweza kupunguza noti iliyozidi, lakini kulijaza pengo ambalo chumba kinalifuta ni kutwanga maji kwenye kinu, kwani kuongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mahali hapo kunadai nguvu mara kumi na pengo linabaki.

Yakishafanyika hayo, ndipo tuzungumze juu ya kununua. Fedha ziende kwanza kwenye spika, ambazo hutofautiana kuliko kifaa kingine chochote katika mnyororo huu. Kuhusu wati, ikumbukwe kwamba kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho mtu hupata vilevile akiacha spika inayotoa desibeli 87 kwa wati moja na kuchukua inayotoa 90. Nyaya za shaba za milimita za mraba 2.5, kwa umbali wa mita 5, zina ukinzani wa takriban omu 0.07 kwenda na kurudi, kiasi kidogo mno mbele ya spika ya omu 8, kwa hiyo sioni sababu ya kutumia fedha nyingi hapo. Na anayelinganisha vifaa viwili ahakikishe vinalia kwa nguvu sawa, kwa maana kinachopiga juu kidogo huonekana bora, na ikiwezekana asivione vifaa hivyo anaposikiliza. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walizipa spika zilezile alama tofauti walipoziona na walipofichiwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanapoijaribu spika au amplifaya, waandike urefu, upana na kimo cha chumba walimoisikilizia, umbali wa spika kutoka kuta, mahali kiti kilipokuwa, na kama sakafu ilikuwa tupu au ina zulia. Mistari mitatu itatosha. Msomaji mwenye chumba cha mita 3 kwa 3 atajua kwamba sifa za besi zilizoandikwa kutoka chumba cha mita 6 kwa 4 hazimhusu, na atakuwa na futi yake mkononi kabla ya kwenda dukani.

Wako,
Msomaji na msikilizaji wa muziki