Wapiga video wa Mbeya, kukata na kuunga sio lazima mchakachue picha

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu mwezi wa nne tulipomzika babu kule Tukuyu. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haiulizi kama kuna msiba, siku ile ilianza asubuhi na ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba, binamu yangu akawa anarekodi huku kashikiwa mwamvuli, saa moja na nusu na ushee hakuzima kamera. Kwenye kadi yakatoka mafaili manne, matatu ya GB 4 kila moja na la mwisho dogo, kwa sababu kadi iliyofomatiwa kwa FAT32, yaani mpangilio mmoja wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haibebi faili linalozidi hapo, kamera inakata yenyewe inaanza lingine.

Tukapeleka studio moja mjini. Kazi yenyewe ndogo tu, waunge vile vipande na waondoe zile dakika ambazo binamu alikuwa anarekodi miguu ya watu. Siku tatu baadaye tukapewa faili moja la MB 700. Aisee! Ukungu umekuwa ngazi ngazi za kijivu, majani ya migomba yakitikisika yanageuka vijiboksi, na pale bibi anapotupia udongo kaburini uso wake hauna hata kunyanzi moja, umelainishwa kama plastiki. Kuuliza, najibiwa eti kamera yenu ndogo. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Mi mwenyewe nakatakata video za kipaimara na sendofu hapa Uyole kwa hiyo najua kilichotokea. Video ikitoka kwenye kamera imeshakandamizwa mara moja, yaani imebanwa ili faili liwe dogo, sasa wewe ukiiweka kwenye programu ukaiekspoti upya, yaani ukaitoa kama faili jipya, kompyuta inazifungua picha zote na kuzikandamiza tena mara ya pili, na kila inapokandamiza kuna kitu inatupa na hakirudi hata baadaye ufanye faili liwe kubwa kama nyumba. Mvua na majani ndio vinaumia kwanza kwa sababu kila kitu kinacheza kwa wakati mmoja. Mtu akikuletea kitenge umpunguzie nusu mita unachukua mkasi, hufumui nyuzi zote uende ukafume upya!

Na mkasi upo, wa bure kabisa. Kuna programu ya ffmpeg, aliianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, unaiambia copy na yenyewe inabeba data vilevile ilivyo bila kuigusa, ambaye hapendi kuandika amri achukue LosslessCut ina vitufe vyake na ndani ni hiyohiyo ffmpeg, au Avidemux uache video na sauti zote kwenye Copy. Kazi ya usiku kucha inakuwa ya dakika chache, na kwa huu umeme wetu unaokatika ekspoti ikiwa asilimia 80 sijui kwa nini mtu ajitese.

Ila kuna sharti lake ambalo vijana wengi linawashinda halafu wanasema programu mbovu. Kwenye video sio kila fremu, yaani kila picha moja moja inayopita, ni picha kamili, kamili zinakuja mojamoja, pengine kila baada ya sekunde moja au kadhaa, zilizobaki zinabeba mabadiliko tu. Kwa hiyo kipande lazima kianzie kwenye fremu kamili, ukilazimisha katikati utaona picha imeganda au imepakaa rangi mwanzoni, au inarudi nyuma sekunde mbili. Basi rudi nyuma kidogo, sekunde mbili za miguu ya watu hazijamuua mtu. Na kuunga nako vipande viwe ndugu wa baba mmoja, kodeki ileile, yaani namna ileile ya kukandamiza, ukubwa wa picha uleule, sauti ileile. Ukichukua cha kamera cha fremu 25 kwa sekunde ukakiunga na cha simu cha fremu 30 hapo umejitafutia, sauti itaanza kutembea peke yake.

Mteja akitaka majina, muziki na rangi, sawa, hapo kuekspoti hakukwepeki, lakini iwe mara moja tu, kutoka mafaili ya kwenye kadi sio kutoka kopi ya kopi, na msibane kihivyo! Halafu mkimaliza msitutumie WhatsApp kama video maana nayo inakandamiza yake, tumeni kama dokumenti, inapokea mpaka GB 2, au mteja aje na flashi.

Bahati yetu shangazi aligoma kadi isifutwe kwa kuwa alitoa hela yake kuinunua. Jioni moja nikayaunga yale mafaili manne na kutoa miguu, chai ilikuwa haijapoa, tukaweka kwenye TV. Bibi akaangalia kimya muda mrefu, halafu akaniambia mjukuu wangu rudisha nyuma kidogo, yule aliyesimama kwenye migomba na koti la kijani ni nani? Tukalifungua na lile faili la studio tuone. Pale pana majani tu.

Ni mimi msomaji wako,
Uyole, Mbeya